Masta ya sayansi ya data: tafuta data yako kabla hujatafuta chuo (uzi mrefu, vumilieni)

#1 · Mwanzisha uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Kila dirisha la maombi likifunguliwa linarudi swali lilelile: "Nina digrii ya TEHAMA, nataka masta ya mifumo ya habari au sayansi ya data, chuo gani kizuri?" Wadau wanataja vyuo, wanataja ada, uzi unafungwa. Mimi nimeshamaliza na kutetea tasnifu, na naona swali hilo linaanzia mwisho. La kwanza kujiuliza ni hili: utafanyia kazi data ya nani, na umeshaiona kwa macho yako?

Nawaeleza yaliyonipata.

Nilikuwa afisa TEHAMA kwenye halmashauri moja. Sehemu ya kazi yangu ilikuwa kuhakikisha ripoti za vituo vya afya zinaingia DHIS2 kila mwezi. Kwa wasioijua, DHIS2 ni programu huria iliyolelewa Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway, na ndiyo inayopokea takwimu za zahanati, vituo vya afya na hospitali zetu. Chini yake kuna MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya: yale madaftari makubwa unayoyaona mezani kwa muuguzi. Muuguzi anajaza daftari, mwisho wa mwezi anapiga vijiti kwenye karatasi ya kujumlishia, anajaza fomu ya mwezi, fomu inakwenda wilayani, mtu anaingiza namba kwenye mfumo. Mimi nilikuwa nakaa upande ule wa mwisho, penye kompyuta.

Nikaingia masta nikiamini data ninayo. Wazo langu lilikuwa kutabiri wagonjwa wa nje wa kila zahanati miezi mitatu mbele, ili dawa zifike kabla hazijaisha. Pendekezo likapita bila shida. Ofisi niliyoitegemea iliniahidi kwa mdomo data ya mgonjwa mmoja mmoja, majina yakiwa yameondolewa. Nikapeleka barua. Miezi mitano nikawa naambiwa mara mhusika yupo safarini, mara barua haionekani masjala, mara andika nyingine. Mwezi wa sita nikakabidhiwa flashi yenye jumla za mwezi tu. Sasa wakuu, jumla ya mwezi huwezi kuifumua ikarudi kuwa wagonjwa. Wenzangu walikuwa wanaandika sura ya nne, mimi nafuta sura ya tatu. Nikalipia muhula wa ziada.

Nikaamua kuzitumia hizo jumla. Modeli ya kwanza, yaani programu inayojifunza kwenye namba za nyuma ili itabiri zijazo, ikatoka nzuri kupita kiasi. Grafu ya wagonjwa wapya inapanda kila Januari, inateremka taratibu mpaka Desemba, halafu Januari inaruka tena. Mwaka hadi mwaka, zahanati hadi zahanati. Nikaandika kurasa mbili kueleza sababu: mvua, mbu, watu kurudi kutoka sikukuu. Msimamizi wangu akasoma, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Kwa nini Januari?"

Nikapanda gari mpaka zahanati mojawapo. Muuguzi akafungua kitabu namba 5, kile cha wagonjwa wa nje, akaweka kidole kwenye alama ya nyota. Mgonjwa akija kwa mara ya kwanza katika mwaka, anawekewa nyota. Akirudi mwezi wa tano kwa ugonjwa mwingine kabisa, hapati nyota, huyo ni marudio. Tarehe 1 Januari wote wanaanza upya. Kwa hiyo Januari karibu kila anayeingia mlangoni ana nyota, na ikifika Desemba wengi walishaipata zamani. Ule mlima niliouandikia kurasa mbili ulikuwa kalenda tu. Modeli yangu ilikuwa imejifunza kanuni ya kujaza daftari, wala haikuwa imejifunza chochote kuhusu ugonjwa.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba fomu ilisema wazi: "mara ya kwanza mwaka huu (*)". Mimi ndiye niliyebadilisha jina la safu likawa "wagonjwa_wapya" ili liwe fupi nikiandika programu kwa lugha ya Python.

La pili lilikuwa sifuri. DHIS2 isipoelekezwa vinginevyo, haihifadhi sifuri. Zahanati ikiandika kwamba mwezi huu hakuna mgonjwa hata mmoja wa kuhara damu, ile sifuri haikai kwenye kumbukumbu, na ukipakua jedwali unakuta kisanduku kitupu. Zahanati ambayo haikuleta ripoti kabisa nayo ina kisanduku kitupu. Ukijaza sifuri kote umesema uongo kwa niaba ya waliokaa kimya. Ukifuta vyote vitupu umewafuta waliosema kweli kwamba hakuna ugonjwa. Ilibidi nichukue orodha ya ripoti zilizowasilishwa, niipange na jedwali langu kituo kwa kituo, mwezi kwa mwezi, ndipo nikajua kipi ni kipi. Kazi hiyo ilinila wiki saba. Modeli yenyewe ilinichukua siku nne.

Ndiyo maana nasema: kabla hujalipa ada ya maombi, tafuta data utakayoiandikia tasnifu, ifungue, kaa na mtu anayeijaza. Ukishapata, chuo karibu chochote kizuri kitakufaa. Usipoipata, hata chuo cha jina kubwa utakaa nacho mwaka wa tatu.

Naomba kuwasilisha. Maswali karibuni.

#2 · Mdau

Mkuu umeshusha nondo. Ila nisaidie, mifumo ya habari na sayansi ya data tofauti yake ni nini? Naona vyuo vingine wameziweka pamoja. Na ipi ina ajira?

#3 · Mwanzisha uzi

Mkuu, nitakujibu kwa mfano huohuo.

Mtu wa sayansi ya data anachukua jedwali na kuuliza: hizi namba zinasema nini, na naweza kutabiri nini? Utasoma takwimu, uwezekano, matriksi, hifadhidata na SQL (lugha ya kuiuliza hifadhidata maswali), ujifunzaji wa mashine, na kuandika programu kwa Python au R. Mtu wa mifumo ya habari anauliza: kwa nini muuguzi ana mfumo wa kompyuta lakini bado anaandika kwenye daftari? Nani alinunua mfumo, nani alifundishwa, taarifa zinamrudia nani? Utasoma uchambuzi na usanifu wa mifumo, usimamizi wa miradi, usalama, na nadharia.

Nadharia hizo watu wanazidharau, na mimi nilizidharau. Mfano mmoja: mwaka 1992 DeLone na McLean walipanga vipimo vya mafanikio ya mfumo wa habari: ubora wa mfumo wenyewe, ubora wa taarifa, matumizi, kuridhika kwa mtumiaji, halafu athari kwa mtu na kwa taasisi. Mwaka 2003 wakaongeza ubora wa huduma. Mimi niliisoma nikafaulu mtihani nikaisahau. Siku niliyokaa na muuguzi ndipo ikanirudia: mfumo wetu ulikuwa unawaka vizuri, intaneti ipo, lakini taarifa hazikuwa zikimsaidia aliyezijaza. Kwa vipimo vile, huo ni mfumo uliofaulu nusu.

Nina lawama moja upande huo. Tasnifu nyingi mno zinachukua modeli ya Fred Davis ya mwaka 1989 kuhusu kukubalika kwa teknolojia, zinabadilisha jina la mfumo na jina la wilaya, zinagawa dodoso, zinaripoti kwamba watu hutumia kitu wakiona kina faida na ni rahisi. Hilo tulishalijua. Kama unaingia mifumo ya habari, nenda ukakae ofisini wiki mbili uone watu wanavyoukwepa mfumo, na uandike hicho.

Ajira: usitafute tangazo lililoandikwa "mwanasayansi wa data" peke yake, ni machache. Kazi zipo kwenye ufuatiliaji na tathmini wa miradi, mabenki upande wa mikopo, kampuni za simu, bima, idara za takwimu. Wanaita majina mengine. Na karibu zote usaili unaanza na SQL, kwa hiyo usiiache kwa kuona ni ya kizamani.

#4 · Mdau, Mwanza

Mimi nipo dukani kwa kaka, biashara ya vifaa vya ujenzi. Sina halmashauri wala hospitali. Data nitaitoa wapi mkuu?

#5 · Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, kwanza hilo duka ni data. Daftari la mauzo la miaka mitatu la duka la vifaa vya ujenzi ni mali. Omba ruhusa ya kaka, liingize kwenye kompyuta mwezi mmoja mmoja, utajifunza mengi kuliko video.

Pili, kuna data ya wazi ya nyumbani. Kuna ile ya visima na pampu za maji Tanzania, iliyokusanywa kupitia jukwaa liitwalo Taarifa pamoja na Wizara ya Maji na kuwekwa kwenye DrivenData, tovuti ya mashindano ya sayansi ya data. Ina pampu 59,400 za kujifunzia, na kazi yako ni kutabiri ipi inafanya kazi, ipi inahitaji matengenezo, ipi imekufa. Wanaisoma wanafunzi dunia nzima. Wewe wa Mwanza una faida kuliko wao wote, na nitakuonyesha kwa nini.

Fungua safu ya longitudo. Utakuta pampu zaidi ya 1,800 zina longitudo sifuri. Ukizichora kwenye ramani zinaangukia baharini, Ghuba ya Guinea. Mwanafunzi wa mbali anazifuta au anazijazia wastani. Sasa angalia mkoa wa hizo pampu: ni Mwanza na Shinyanga. Wewe una jina la wilaya, la kata na la kitongoji mkononi, na unajua Sengerema iko wapi. Unaweza kuzirudisha kwao.

Angalia mwaka wa ujenzi: zaidi ya 20,000 zimeandikwa sifuri. Angalia jina la aliyejenga: DWE wamejaa kila mahali, na mgeni anadhani ni kampuni. Ni Mhandisi wa Maji wa Wilaya. Halafu jina lilelile la mfadhili limeandikwa kwa herufi tofauti mara nyingi, na kompyuta inahesabu kila moja kuwa mtu mpya.

Halafu pale kwenye kiasi cha maji, palipoandikwa kwamba kisima kimekauka, karibu pampu zote zimehesabiwa hazifanyi kazi. Modeli inashangilia. Lakini jiulize: fundi akienda pale na spana atatengeneza nini? Pampu inaweza kuwa nzima, maji ndiyo hayapo. Hilo ni swali la tasnifu kamili, nakupa bure.

#6 · Mdau

Mimi nilisoma uhasibu, hesabu za kidato cha sita niliziacha mbali. Naogopa kudisko. Hizo hesabu ni ngumu kiasi gani?

#7 · Mwanzisha uzi

Zinahitaji msuli, lakini hazihitaji kipaji cha ajabu. Matriksi, ukokotozi wa kawaida, uwezekano. Jipe miezi minne kabla ya kuingia, saa moja na nusu kila siku, kwa kalamu na karatasi. Darasani kwetu waliokamata sapu muhula wa kwanza wengi wao walikuwa wajuzi wa kompyuta waliodhani takwimu ni kubonyeza.

Na wewe mhasibu una kitu: umezoea kuuliza namba imetoka wapi. Chukua hiyohiyo data ya pampu. Asilimia 54 zinafanya kazi, asilimia 38 hazifanyi, asilimia 7 zinahitaji matengenezo. Mtu asiyejua lolote akisema "zote zinafanya kazi" amepata 54 bila kusoma darasa hata moja. Kwa hiyo ukiniambia modeli yako ina usahihi wa asilimia 80, nitakuuliza: kati ya zile asilimia 7, umezishika ngapi? Hizo ndizo pampu ambazo ukimtuma fundi wiki hii kijiji hakikosi maji, na ndizo modeli nyingi zinazikosa kwa sababu ni chache. Mkaguzi wa hesabu anaelewa swali hilo haraka kuliko mtaalamu wa kompyuta.

#8 · Mdau

Tutajie vyuo basi mkuu, na ufadhili. Na laptopu ya namna gani?

#9 · Mwanzisha uzi

Haya. Kwa hapa nyumbani angalieni CoICT, ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Kijitonyama, CIVE, ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dodoma, na chuo cha Nelson Mandela kule Arusha. Nairobi kuna Strathmore. Kigali kuna kituo cha umahiri cha sayansi ya data cha Chuo Kikuu cha Rwanda, na Carnegie Mellon Africa. Ingieni tovuti zao wenyewe, someni orodha ya masomo, msitegemee picha ya kipeperushi iliyozunguka WhatsApp. Someni pia nani anafundisha na ameandika nini, kwa sababu huyo ndiye atakayekusimamia. Ukienda nje ya nchi, ukirudi peleka cheti TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kitambuliwe.

Ufadhili: Mastercard Foundation kwa Carnegie Mellon Africa, DAAD ya Ujerumani kwa vyuo vya kanda yetu, Erasmus Mundus kwa Ulaya, Chevening kwa Uingereza. Chevening wanataka saa 2,800 za kazi, na ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka miwili. Wote wanauliza kwa maneno tofauti jambo lilelile: unataka kutatua nini? Mwenye data yake tayari anajibu kwa aya moja.

Hata kama huna ufadhili, fuatilia Data Science Africa, mafunzo na warsha za sayansi ya data. Walianza Nyeri mwaka 2015, wakaja Kampala 2016, Arusha 2017. Ukikaa na watu kama wale wa Makerere waliofundisha simu kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha ya jani, utajua kazi nzuri inafananaje.

Laptopu: RAM ya GB 8 utateseka, 16 inatosha, diski iwe SSD. Kazi nzito peleka Google Colab (kompyuta za Google za mtandaoni) usiku bando likiwa rahisi.

Vibali nimeulizwa PM, najibu hapa kwa faida ya wote. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anaiandikia halmashauri, halmashauri inakupeleka kwa mkuu wa idara, kwa afya ni Mganga Mkuu wa Wilaya. Utafiti wa afya unapita pia kwenye kibali cha maadili, NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kuondoa jina hakutoshi. Kwenye kijiji kidogo, umri, jinsia, tarehe na ugonjwa vinamtaja mtu bila jina lake. Anza kufuatilia vibali muhula wa kwanza, na ahadi ya mdomo usiihesabu.

#10 · Mdau

Nimesoma uzi wote nikaona niseme. Mimi ni muuguzi wa zahanati, mwaka wa kumi na moja huu. Tupo wawili, mwenzangu yuko likizo ya uzazi. Mjamzito mmoja mwenye homa namwandika kitabu cha wajawazito, cha wagonjwa wa nje, cha maabara, na cha dawa. Foleni ipo nje na mtoto analia. Hiyo nyota unayosema: mgonjwa anakuja hana daftari lake, namuuliza mwaka huu umeshawahi kuja hapa? Anasema sijawahi, kumbe alikuja Machi nikamhudumia mimi mwenyewe. Namwekea nyota. Nifanyeje? Mwisho wa mwezi najumlisha usiku kwa tochi ya simu. Miaka yote hiyo wanakuja vijana wa vyuo, wanapiga picha vitabu, wanaondoka. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuniambia aliona nini.

#11 · Mwanzisha uzi

Sista, shikamoo, na ahsante sana kwa kuandika.

Hilo la mgonjwa asiye na daftari sikulijua. Kwenye tasnifu yangu nimeichukulia nyota kama kitu cha uhakika, tatizo likiwa Januari tu. Kwa unavyosema, nyota inapotea na kuongezeka mwaka mzima, na zaidi pale wagonjwa wanapotembea kati ya vituo viwili vilivyo karibu. Natayarisha makala kutoka kwenye tasnifu, na sehemu hiyo naiandika upya.

Kuhusu kurudi, una haki ya kulalamika. Mimi nilirudi, lakini nilichelewa. Baada ya kutetea nilichapa karatasi moja moja kwa kila zahanati niliyoitumia: grafu ya mahudhurio yao yote ya miaka minne, nyota na marudio pamoja, na mistari mitatu ya maelezo kwa Kiswahili. Kwenye zahanati ile ya kwanza waliibandika ukutani kando ya chati ya chanjo. Nilipopita tena miezi minne baadaye nikakuta muuguzi ameiendeleza mwenyewe kwa kalamu ya buluu, nukta nne, kaziunganisha kwa rula. Nukta ya tatu alikuwa ameizungushia duara na kuandika pembeni: "dawa ziliisha wiki 2". Hilo kwenye DHIS2 halipo popote. Mimi nilikuwa nimeona mahudhurio yameshuka mwezi ule nikadhani watu wamepona.

Sista, kama hutojali, nina maswali mawili. Mgonjwa akipewa rufaa kutoka kwako kwenda kituo cha afya, kule anawekewa nyota mpya? Na dawa zikiisha, wale wanaofika mlangoni wakaambiwa hakuna dawa wakageuka, unawaandika kitabuni au wanaondoka bila kuandikwa?